Unapoingia Wodini, Unajiona Nani?

(Hotuba kwa watumishi wapya wa sekta ya afya, siku ya mwisho ya mafunzo elekezi)

Ndugu Mwenyekiti, Mganga Mkuu wa Wilaya, wafawidhi wa vituo, na ninyi wadogo zangu mlioripoti kazini mwezi huu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Wiki hii mmefundishwa mengi. Mmeelezwa sheria za utumishi wa umma, maadili, likizo, mfuko wa hifadhi ya jamii, namna ya kujaza malengo yenu kwenye mfumo wa upimaji wa utendaji. Wengine mmeshapata cheki namba, wengine bado mnasubiri. Mimi nimeombwa nizungumzie jambo lisilo na fomu wala sahihi ya mwajiri: mtu anavyojiona mwenyewe, na jinsi hilo linavyoamua kazi itapata nini kutoka kwake. Nimekuwa muuguzi mkunga hadi kustaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikirudi wodini mara kwa mara.

Hebu tuingie wodi ya wazazi saa nane za usiku. Mama amejifungua salama, wodi imejaa, mkunga ni mmoja na leba kuna wengine wawili wanaolia. Mmesoma darasani kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akifikisha mililita 500 za damu iliyotoka, hiyo ni hali ya kushughulikiwa hapo hapo. Mmesoma pia kwamba jicho ni kipimo kibovu cha damu. Mara nyingi linakadiria pungufu. Damu inaingia kwenye kanga, kwenye shuka, kwenye godoro, na kila mmoja anapoangalia anaona kidogo tu. Sasa niambieni, nani anaiona kwanza? Daktari amelala chumba cha zamu. Mkunga yuko leba. Anayeiona kwanza ni mhudumu anayepita kukusanya nguo chafu. Yeye ndiye anayenyanyua ile kanga na kuikuta nzito kuliko kanga za vitanda vingine.

Mhudumu anayejiona ni mtu wa ndoo na dekio ataitia kanga kwenye ndoo, atadeki, ataondoka. Hana roho mbaya. Kwa hesabu yake, habari za damu zina wenyewe waliozisomea. Mhudumu anayejiona ni mmoja wa walinzi wa yule mama ataacha ndoo pale pale na kwenda kugonga mlango wa leba: "Sista, njoo umwone wa kitanda cha nne, kanga zake si za kawaida." Mshahara ni ule ule, sare ni ile ile, kiwango cha elimu kile kile. Kilichowatenganisha ni namna kila mmoja alivyojijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza siku anaajiriwa: mimi hapa ni nani?

Nimefanya kazi na wote wawili. Ndiyo sababu jambo hili siwezi kulizungumza kama mada ya semina.

Sasa niwapeleke mbali kidogo na hospitali, hadi Magamba, kule Lushoto, mwaka 1963. Kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Walipofungua baadaye, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena walipofundishwa sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu. Safari hii mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, haihusu fizikia ya dunia nzima. Darasa likaidaka. Tangu hapo akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikirieni kijana wa umri ule, jina lake limegeuzwa kuwa jina la makosa, na bado siku alipokuta maabara ya baiolojia iko wazi akaingia kujaribu mwenyewe na vikombe viwili vya maji, cha moto na cha baridi.

Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wale wale waliokuwa wakimcheka na kuuliza swali lake kwa mara nyingine. Wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliahidi kwamba atajaribu, na alipofika Dar akajaribu kweli. Mwaka 1969 wote wawili walichapisha matokeo katika jarida la fizikia, jina la mwanafunzi likiwa pamoja na la mhadhiri. Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu lini maji ya moto huganda kabla ya ya baridi, na kwa nini, na kama kipimo kimefanywa sawasawa. Lakini wanabishana wakilitaja jina lake.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya ushupavu wa kijana mmoja, na ni kweli. Mimi huwa nawafikiria zaidi wengine wawili waliomo ndani yake.

Wa kwanza ni wauza aiskrimu wa Tanga mjini. Mpemba mwenyewe alieleza kwamba baada ya kukatishwa tamaa shuleni, alikutana na rafiki yake mtengenezaji wa aiskrimu, na huyo akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa moto kwa sababu unaganda haraka. Yaani jambo ambalo mwalimu alisema haliwezekani, watu wa Tanga walikuwa wakilitumia kutafuta riziki. Kwa nini halikufika shuleni mapema? Hakuna aliyewauliza, hilo ni wazi. Naamini pia kwamba wao wenyewe hawakuliona kama elimu. Waliliona kama ujanja wa biashara, na mwenye elimu ni yule mwenye chaki.

Wa pili ni fundi wa maabara kule Dar es Salaam. Osborne alimwomba ajaribu lile jambo. Fundi akajaribu, akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa moto yameganda kwanza. Halafu akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Jamani! Jibu analo mkononi. Ameliona kwa macho yake. Lakini anajiona kazi yake ni kuthibitisha kilichomo kitabuni, kwa hiyo macho yake yakipingana na kitabu, yenye makosa ni macho.

Mteknolojia wa maabara uliyekaa hapa, siku moja utasoma kipimo na kitakuja tofauti na alichotarajia daktari. Utakuwa umefuata taratibu zote. Utajisikia kukirudia mpaka kifanane na maandishi yake kwenye fomu. Kirudie mara moja, kwa uangalifu, kama taratibu zinavyotaka, halafu nyanyua simu umpigie. Wewe ndiye shahidi wa kile kilichotokea kwenye ile chupa. Hakuna mwingine.

Niwape mfano wa tatu, na huu ni wa nyumbani kwetu kabisa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane ulimwenguni. Miji yenyewe ilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara ya Kilombero. Orodha ina vipengele 19, na vingi ni vitu mnavyovijua: mgonjwa ni huyu, sehemu ya kupasuliwa ni hii, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, vifaa vimehesabiwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka kwa kuona kama ni adabu tu za mkutano. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila mtu aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa vifaa, wote. Waliotengeneza orodha ile hawakukiweka kwa heshima. Waliona kwamba mtu aliyekwisha kusikika mara moja chumbani, ni rahisi zaidi kusikika mara ya pili, na mara ya pili inaweza kuwa pale anapoona pamba moja haijarudi kwenye hesabu.

Mimi nimesimama kwenye vyumba vya upasuaji ambako watu hutajana majina na vingine ambako karatasi inatiwa tiki na mtu mmoja pembeni huku mgonjwa ameshaanza kupasuliwa. Tofauti unaisikia. Kwenye chumba cha kwanza muuguzi kijana anasema, "Daktari, naomba tusubiri, hesabu haijatimia." Kwenye cha pili muuguzi huyo huyo anahesabu tena kimoyomoyo, anahesabu tena, anamtazama mpasuaji usoni kuona kama leo amekasirika. Dakika zile mbili tumbo la mtu linafungwa.

Kwa hiyo ninapozungumzia kujiona, msidhani nazungumzia kujisifu kwenye kioo asubuhi. Nazungumzia kama sauti itatoka au haitatoka wakati inapotakiwa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wakufunzi wengi wa siku hizi hawalisemi. Wanakuja na kipaza sauti, wanawaambia badilisheni fikra, jiaminini, basi. Wanaondoka. Mimi siwezi kuwaambia hivyo, kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyovunjwa. Mtu hazaliwi akijiona duni kazini. Anafundishwa. Anaitwa "wewe" kwa miaka, jina lake halijulikani hata na aliye naye zamu moja. Anatoa wazo kwenye kikao, linapita hewani, nusu saa baadaye mwenye cheo analisema lile lile na watu wanapiga makofi. Anauliza swali kwenye raundi ya asubuhi anajibiwa mbele ya wagonjwa, "Ulisoma chuo gani wewe?" Baada ya hapo mnashangaa kwamba hasemi kitu? Alisema. Mkamfundisha kunyamaza, naye ni mwanafunzi mzuri.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, wa mtu anayejiona mkubwa mno. Huyu utambulisho wake wote ameuegemeza kwenye cheo, kwa hiyo kila swali analiona ni shoka linakuja kwenye shina. Akisahihishwa na aliye chini yake, anaona amevuliwa nguo. Sitamzungumzia sana kwa sababu ninyi bado hamna vyeo. Mtakapovipata, mkumbukeni Osborne: alikuwa na shahada zote na ukumbi mzima ulikuwa tayari kucheka pamoja naye, akachagua kumjibu mtoto wa shule.

Kuna kundi jingine miongoni mwenu ambalo nataka nilisemeshe polepole. Ni ninyi mnaoficha mlikotoka.

Nawafahamu, kwa sababu kila mwaka wanakuja. Binti amekulia kijijini Maswa, au Simanjiro, au Hanang. Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani. Siku ya kwanza kazini mtu anaiga matamshi yake, watu wanacheka. Kuanzia siku hiyo akiulizwa anatoka wapi anasema Dar es Salaam, kwa sababu aliwahi kuishi Mbagala kwa shangazi yake miezi michache. Lugha ya mama yake anaizika.

Halafu anakuja bibi. Ameletwa na mjukuu kwa bodaboda, mjukuu ameenda kutafuta hela ya dawa. Bibi hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Anaulizwa maumivu yalianza lini, anatikisa kichwa. Anaulizwa kama ametumia dawa za miti shamba, anatikisa kichwa vile vile. Wodi nzima inapaza sauti kana kwamba bibi ni kiziwi. Na pale pembeni, akipanga mafaili, amesimama binti anayeielewa kila sauti inayotoka kwa yule bibi, na hasemi neno, kwa sababu akifungua mdomo watajua.

Wadogo zangu, ile lugha unayoionea aibu ni kifaa cha uchunguzi ambacho hospitali haiwezi kukinunua. Bohari ya Dawa hawana. Bibi akiulizwa kwa Kisukuma au Kimasai au Kidatooga na mtu anayemwamkia kama anavyoamkiwa nyumbani, ndani ya dakika tano atakupa historia ya ugonjwa ambayo mashine haitaitoa. Atakuambia alichokunywa, nani alimpa, na lini alianza kukojoa damu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi kama mkunga methali hiyo naijua kwa vitendo. Sema unatoka wapi. Sijamaanisha tuhudumiane kikabila. Anayempitisha mtu mbele ya foleni kwa kuwa ni wa kwao anaiba haki ya mwingine. Namaanisha kwamba hukuletwa kazini nusu yako. Ukulima wa wazazi wako, lugha yako, yale uliyoyaona ukimuuguza baba yako nyumbani kabla hujajua hata neno "uuguzi," vyote hivyo ni mtaji wa kazi hii.

Mmoja aliyelijua hilo alikuwa jirani yetu wa Kenya, Kamoya Kimeu. Mkamba kutoka Makueni, hakufika sekondari. Mwaka 1960 alichukuliwa kama kibarua wa kuchimba kule Olduvai, kwetu huku, chini ya Louis na Mary Leakey, watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Wengi waliogopa kazi ile kwa kuwa kugusa mifupa ya wafu ni mwiko. Yeye alibaki, akajifunza kuitazama ardhi. Kufikia mwaka 1984, kando ya mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, alikuwa ndiye kiongozi wa kundi la watafutaji, na siku ambayo wenzake walikuwa wamepumzika akatoka kutembea, akaona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Kilichofukuliwa baada ya hapo ni mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, karibu mwili mzima. Mwaka 1985 Rais Reagan alimkabidhi medali ya National Geographic Society kule Washington, na kuna nyani wa kale aliyepewa jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Alifariki mwaka 2022.

Kibarua anayejiona kibarua, siku ya mapumziko anapumzika, na hakuna anayeweza kumlaumu. Kamoya alitoka kwa sababu alijiona ni mtu wa kazi ile, cheti kiwepo kisiwepo. Lakini angalieni pia kwamba wapo waliomwachia uongozi wa kundi na kuamini jicho lake. Pande zote mbili zilihitajika. Hata leo, hospitali ina watu wengi wenye jicho kama lile ambao hawajawahi kukabidhiwa kitu chochote cha kuongoza, hata zamu ya kuhesabu mitungi ya oksijeni.

Kwa hiyo nimalizie na ninyi wafawidhi, kwa sababu Jumatatu hawa watumishi wanakuja mikononi mwenu na mimi nitakuwa nyumbani nikipalilia mahindi.

Wapokeeni kwa majina. Wazungusheni kituo kizima, mpaka kwa mlinzi na mpaka kwenye tanuri la kuchomea taka, na kila mmoja mnayemkuta aseme jina lake na anachokifanya kwa mdomo wake mwenyewe, msimsemee. Kwenye chumba cha upasuaji, anayeanza kujitambulisha awe mdogo kabisa kwa cheo, mpasuaji awe wa mwisho. Mtu akiuliza swali kwenye raundi, jibuni swali. La chuo alichosoma mtamuuliza kwenye chai. Anayetoa wazo kwenye kikao, jina lake liandikwe kwenye muhtasari mbele ya wazo lake, ili anayelirudia baadaye alirudie likiwa na mwenyewe.

Na kuna makabidhiano ya zamu ya asubuhi. Wauguzi mnaingia ndani, mnafungua kitabu cha ripoti, na mhudumu aliyekesha nanyi usiku kucha yuko nje anadeki korido. Mwiteni. Mpeni dakika moja aseme alichoona: kanga zilizokuwa nzito, mgonjwa ambaye hakugusa chakula, mzee aliyekuwa akiongea peke yake saa kumi alfajiri. Mara za mwanzo atasema hakuna kitu, kwa sababu hajazoea kuulizwa. Muulizeni tena kesho yake, na kesho kutwa. Akisema jambo, liandikeni kitabuni kwa jina lake, kisha mmoja wenu anyanyuke aende kuliangalia kabla chai haijamiminwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza, na karibuni sana kazini.